Kengele Aliyoibebea Mchanga

Wageni wangu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari wakija kunitembelea, hawaniulizi ugali wala nyama. Wanataka niwapeleke wakaone lile kanisa. Mwezi uliopita alikuja mteja wangu mmoja, mama wa Kikisii anayechukua vitenge kwangu kwa jumla. Hata chai hajamaliza, ameshatoa simu: "Dada, si unipeleke hiyo kathedrali yenu ya zamani nipige picha?" Nikampeleka. Tulipofika nikasimama kwenye ngazi, nikakunja mikono, nikamwambia ingia mwenyewe. Akaniuliza kama siku hizi nimekuwa mlokole. Nikasonya.

Kanisa ni zuri, nisiwe mnafiki. Mapadre wazungu walilijenga kwa mawe ya huku huku, kuta nene kiasi kwamba hata jua la Januari likiwaka nje, ndani unajifunika kanga. Kwa cheo si kathedrali, askofu hakai pale. Lakini makanisa yote ya upande wetu yametoka tumboni mwake, kwa hiyo sisi tunaliita kanisa kuu, na wageni wakisikia kanisa kuu wanasema kathedrali. Yaishe. Mbele lina mnara wa kengele, na juu ya mlango kuna maandishi ya rangi ya bluu yanayopakwa upya kila Pasaka: KARIBUNI, HII NI NYUMBA YA WATU WOTE.

Ukija Jumapili unaweza kuyaamini maandishi hayo. Wakurya wamekaa, Wajaluo wamekaa, Waikoma na Wanata wametoka huko Serengeti na pikipiki zimejaa vumbi. Walimu wa kutoka Kilimanjaro wapo, vijana wa machimbo wapo, jamaa za watu kutoka Kenya wapo na Kiswahili chao cha kusukumana. Wimbo wa kuingia Kiswahili, wa vipaji Kijaluo, wa shukrani Kikurya, na wote wanaitikia hata wasiojua wanachoimba. Ukifika wakati wa kupeana amani, Mkurya na Mjaluo waliogombania ng'ombe juzi wanashikana mikono. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto nilikuwa nakaa benchi la nyuma na mama yangu nikifikiri mbinguni kutakuwa hivi. Nyumba ya watu wote! Basi ngoja niwaambie habari za mtu mmoja ambaye hakuwa miongoni mwa hao wote.

Bibi yangu alikuwa mwanamke wa Nyamwaga, mrefu, mkavu, na sauti ya kuamrisha ng'ombe. Hakujaliwa mtoto wa kiume, mabinti zake waliolewa mbali, na mumewe akafa mapema. Kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume inahesabiwa kuwa imezimika, na shamba linaliwa na mashemeji. Lakini mila ikaweka njia, inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke wa namna hiyo anatoa ng'ombe zake mwenyewe, anaoa msichana, na yule msichana anazaa watoto kwa jina la nyumba ile. Bibi akatoa ng'ombe, akamwoa mama yangu. Mama ni mkamwana wake, mke wa nyumba, kana kwamba kulikuwa na mtoto wa kiume aliyemwoa. Mwanamume aliyetuzaa ni wa kijiji cha jirani, mila haimpi kitu na mimi simpi mstari wa pili hapa. Bibi alilala nyumbani kwake, mama nyumbani kwake, katikati kuna jiko. Kama kuna mtu anafikiria mengine, uchafu uko kichwani mwake.

Sisemi mila hii haina machozi. Mama aliletwa binti mdogo kutoka Nyarero, hakuulizwa, na mwaka wa kwanza alitoroka akarudishwa. Hayo ananieleza mwenyewe bila kuficha. Lakini ananieleza pia kwamba siku shemeji wa bibi alipokuja na panga kudai lile shamba, bibi alisimama mlangoni akamwambia, "Huyu ndani ni mtu wangu, mguse uone." Tangu siku ile hakutoroka tena. Wamelima pamoja, wamezika pamoja mdogo wangu, na wamegombana juu ya chumvi ya mboga kila siku ya Mungu. Hiyo ndiyo nyumba niliyolelewa.

Sasa, bibi alikuwa na hamu moja tu katika uzee wake. Alitaka ile kengele imlilie.

Kengele ya kanisa kuu hailii kwa kila maiti. Inalia kwa aliyebatizwa. Bibi alipokuwa msichana, mapadre waliwachukua watoto wa vijiji kubeba mchanga wa mtoni kwa ajili ya ule mnara, malipo yao chumvi. Alibeba yeye na rafiki yake aliyemzidi umri kidogo, kikapu kichwani, wanapanda kilima wanashuka, mpaka nywele za utosini zikanyonyoka. Wenzao wakabatizwa. Yeye baba yake akakataa katakata, akasema binti akishanyunyiziwa maji atakimbilia kwa masista na ng'ombe za mahari zitapotea. Basi kila upepo ulipotoka upande wa misheni ukaleta mlio, bibi aliacha jembe akasikiliza. "Mchanga wangu huo unalia," alikuwa anasema. "Unawalilia wengine."

Akazeeka. Siku moja akatangaza kwamba anaenda mafundisho ya ubatizo. Tulicheka, akatutukana, akaenda. Masikio yake yalikuwa yameanza kufa na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani, kwa hiyo mama akawa anampeleka na kukaa naye. Katekista akiuliza swali, mama analirudia kwa Kikurya sikioni mwa bibi, bibi anajibu kwa nguvu mpaka madirisha yanatikisika. Wakirudi nyumbani wanaendelea jikoni. Nani anaweza kubatiza? Padre. Na kama mtu yuko katika hatari ya kufa na padre hayupo? Mtu yeyote, kwa maji na maneno ya Kanisa. Mimi nilikuwa nakuja kutoka kwenye biashara yangu Sirari mwisho wa wiki nawakuta wamekaa juu ya vigoda, mboga inaungua, wanaulizana katekisimu.

Huyo katekista nitamweleza vizuri, maana ndiye aliyeniweka hasira ambayo haijaisha. Mkurya mwenzetu, amevuka hamsini, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, sauti ya upole. Alimfundisha bibi, akampitisha, akamwambia Jumapili fulani njoo na mshumaa na kitambaa cheupe. Nilimnunulia bibi gauni jeupe Sirari. Aliogea sabuni ya kunukia, akapaka mafuta mpaka miguuni, akajichagulia na jina la ubatizo. Alikuwa analitamka njiani peke yake, akilijaribu kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Tulifika mapema. Mama alikuwa amebeba kigoda cha bibi na mshumaa, mimi nimebeba mkoba. Padre alikuwa mgeni, ametoka mkoa wa mbali, hata mwaka hajamaliza kwetu. Alisimama mlangoni pa sakristia, chumba cha padre kuvalia, akiongea na mmoja mmoja wa wanaobatizwa, katekista pembeni akitafsiri kwa wazee. Bibi alipofika, padre akamwamkia vizuri, shikamoo bibi, akamuuliza kama ana mume. Bibi akasema alikufa. Akamuuliza anaishi na nani.

Bibi hakujua kuwa hilo ni swali la mtego. Kwake lilikuwa swali la heshima. Akanyoosha kidole kwa mama yangu, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, kifua mbele, "Naishi na huyu. Nilimuoa. Nilimuoa kwa ng'ombe zangu mimi mwenyewe."

Mungu wangu, uso wa yule padre! Akarudi nyuma hatua. Akamtazama bibi, akamtazama mama na mshumaa wake, akamgeukia katekista. "Mwanamke kaoa mwanamke? Hapa? Haya mambo yamefika mpaka huku?"

Hapo ndipo. Maneno mawili yangetosha. Padre, ni mila, huyu ni mkamwana wake, ni kama mama mkwe na mke wa mtoto. Mtoto wa darasa la pili wa Nyamwaga angeweza kueleza. Na katekista alijua kuliko wote, maana yeye mwenyewe amezaliwa katika nyumba ntobhu. Ndiyo! Mama yake aliolewa na yule rafiki wa bibi, yule waliyebeba naye mchanga. Nikamtazama, nikasubiri afungue mdomo. Akakitazama kiatu chake.

"Mwambie," padre akasema, "huyo mwanamke aondoke kwanza nyumbani kwake. Wakishaachana, aje, tutampokea kwa furaha. Mlango uko wazi."

Katekista akatafsiri hilo. Hilo alilitafsiri vizuri sana, neno kwa neno. Bibi akasikiliza, mkono nyuma ya sikio. Kisha akamjibu kwa Kikurya, polepole, bila kupaza sauti, na sikuwahi kumsikia bibi yangu akiongea bila kupaza sauti. "Mura," alimwita hivyo, kama kijana aliyetoka machungani. "Mura, mama yako wewe aliolewa na nani?"

Padre akauliza, "Anasemaje?"

Na yule mtu, Mungu anamwona, akasema, "Anasema ameelewa, padre."

Mimi mdomo wangu hauna breki, watu wa Sirari wote wanajua. Nilifungua kinywa nimwage yote pale pale. Mama akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Kengele ya Misa ilikuwa inalia juu yetu, watu wanapita wakinong'ona, na padre alikuwa ameshaingia ndani kuvaa. Bibi akaenda akaketi kwenye ngazi, chini ya yale maandishi ya bluu, na gauni lake jeupe. Akakataa kuondoka. Tukakaa naye Misa nzima. Tulisikia kwaya ikiimba kwa lugha zote tatu. Tulisikia wenzake wakiitwa mmoja mmoja, tukasikia maji yakimwagwa, watu wakipiga vigelegele. Walipopeana amani, Mjaluo mmoja mzee aliyekuwa amekaa karibu na mlango akatoka nje, akatupa mkono wote watatu, akarudi. Huyo nitamkumbuka.

Misa ilipoisha nikamvizia katekista nyuma ya kanisa. Nikamuuliza ana ulimi au ana kipande cha ngozi. Akaniambia kwa ile sauti yake ya upole, "Mwanangu, mila hizi ukimweleza mgeni unaonekana mshenzi. Padre angetuonaje sisi Wakurya?" Nikamwambia, kwa hiyo ili wewe usionekane mshenzi, bibi yangu aonekane nini? Akasema tuwe na subira. Wee! Subira! Na ndani ya kanisa lile lile wanaume wenye nyumba ndogo Sirari, ninazozijua mpaka mlango, walikuwa wamepiga magoti wanapokea komunyo na mikono imekunjwa kitakatifu. Nyani haoni kundule.

Tukarudi mpaka kwenye migomba yetu. Mama akasimama. Akasema, "Mama, mimi nitaondoka. Nitakaa kwa kaka yangu Nyarero mpaka wakubatize. Ukishabatizwa nitarudi, nani atajua?" Alisema huku amepakata kile kigoda. Nilimwona anamaanisha.

Bibi akamrushia fimbo. Kweli kabisa, ilimpata kwenye goti. "Nimfukuze aliyeniletea watoto ili nililiwe na chuma?" akafoka, na sauti yake ya ng'ombe ikawa imerudi. "Hiyo kengele itakuwa inalilia mtu gani sasa? Mjinga? Lete fimbo yangu." Mama akamletea fimbo yake. Hilo neno likafungwa. Lakini upepo ukileta mlio, bibi hakusimama tena kusikiliza. Alilima tu, kwa nguvu zaidi, na mimi hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mvua za masika zilipokolea kifua kikamkamata. Tulimpeleka hospitali, wakampa dawa, wakaturudisha. Nilifunga biashara nikaja nyumbani. Asubuhi moja akawa hajui tena jembe liko wapi, kisha akapata akili, akamshika mama kanga akasema lile jina. Jina la ubatizo. Alilisema mara kadhaa, kama anayeita mtu.

Nikampigia katekista. Nikamwambia bibi anakufa, mlete padre. Akasema padre ameenda Musoma kwenye mkutano, atarudi kesho kutwa. Nikadhani amemaliza. Akashusha pumzi, akauliza, "Na yule… ameshaondoka?"

Sitaandika nilichomjibu. Simu yenyewe niliirusha, mpaka leo kioo kina ufa.

Niliporudi ndani mama alikuwa amenawa mikono. Alikuwa amesikia. Alichukua maji kwenye mtungi kwa ile bakuli ya bati anayonywea uji kila siku, akapiga magoti kando ya kitanda, akamtengeneza bibi kichwa kwenye mkono wake wa kushoto. Mama yangu alibatizwa akiwa mtoto kwao, lakini kwa ajili ya kuolewa kwake komunyo hapewi, na kanisani hajawahi kupita benchi la nyuma. Hakunitazama wala hakuniuliza kama inafaa. Alimwaga maji kwenye utosi, pale pale nywele ziliponyonyoka zamani, akataja lile jina. "Nakubatiza kwa jina la Baba." Akamwaga. "Na la Mwana." Akamwaga. "Na la Roho Mtakatifu." Maji yakaingia masikioni mwa bibi. Bibi akafungua macho akasema kwa Kikurya, "Yana baridi." Ndilo neno lake la mwisho tulilolielewa. Alikufa kesho yake, jua limeshatoka, kuku wakiwa wanamwagiwa mtama.

Padre aliporudi, mama akavaa kanga zake nzuri, akaniambia twende misheni. Tukamkuta ofisini, katekista amekaa pembeni. Tumsifu Yesu Kristu, milele amina. Mama akasema amekuja kuombea marehemu Misa na kengele, kama wengine. Padre hakuwa mtu mkali, hilo nikubali. Alimpa pole, kisha akasema kwa masikitiko kwamba marehemu hakuwa amebatizwa.

"Amebatizwa," mama akasema.

"Na nani?"

"Mimi."

Katekista akainua kichwa. Padre akauliza alitumia maji? Ndiyo. Alisema maneno gani? Mama akayasema, yote, bila kukosea. Padre akasugua paji la uso, akasema, "Basi amebatizwa. Ni halali kabisa." Kisha akamtazama mama vizuri, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. "Na wewe, mama, ni nani kwake?"

Katekista akakohoa, akafungua mdomo. "Padre, huyu ni…" Mama akainua kiganja, kikamfunga mdomo kutoka mbali. Kiswahili mama anakijua. Hakuhitaji mkalimani.

"Mimi ni yule mliyesema anifukuze."

Sijui padre alihisi nini, na sikwenda pale kumtazama yeye. Najua rangi ilimbadilika na akasimama. Alimwambia katekista, taratibu, nenda kapige kengele. Mama akabaki ameketi, mikono mapajani, anamweleza padre mila yetu kuanzia mwanzo, kazi ambayo ingefanywa na mtu mwingine siku ile mlangoni. Mimi nikatoka nikamfuata katekista. Sikumwamini. Nilitaka kumwona kwa macho yangu akishika ile kamba.

Chini ya mnara kuna giza kidogo na harufu ya popo. Kamba imeliwa na mikono ya watu mpaka imekuwa laini. Nikasimama mlangoni, mikono imekunjwa. Akavuta. Jamani, ukiwa chini yake mlio unaingia mpaka kwenye meno. Nikawaza kule Nyamwaga kwenye migomba, watu waliokuja msibani wameacha kuongea, wanasikiliza. Nikalia kwa hasira, maana mwenyewe ndiye pekee asiyesikia. Akavuta mpaka idadi ya desturi ikatimia, akaiachia kamba, akageuka aondoke.

"Bado," nikamwambia.

"Imetosha, mwanangu. Ndiyo utaratibu."

"Hiyo ilikuwa ya bibi yangu. Walibeba mchanga wawili."

Akasimama. Akanitazama, kwa mara ya kwanza bila kuangalia viatu vyake. Bibi yake, yule rafiki wa kubeba mchanga, alikufa siku nyingi, hakubatizwa, alizikwa kimya kimya huku mjukuu wake huyu akiwa amevaa shati jeupe la ukatekista.

"Vuta na ya kwako," nikasema.

Akaishika kamba tena, kwa mikono yote miwili, akavuta.